Hati ya Kizazi cha Mwisho

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwishoni mwa mwaka kimetulia. Msalimie Baba. Mwambie majokofu ya huku hayana haja ya fundi kama yeye, kwani mtu akiacha maziwa dirishani hujigandia yenyewe. Mimi sijambo. Chumba changu kiko juu ya duka la dobi, na mashine zake zinapoanza kuzunguka asubuhi meza yangu nayo hutetemeka, hata mwandiko wangu umekuwa wa mtu mwenye homa. Utanivumilia.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Nimemaliza sura ya tatu, ambayo ndiyo nguzo ya tasnifu nzima. Ulikuwa ukituambia darasani kwamba asiyeweza kueleza hoja yake bila alama za hesabu bado hajaielewa, basi nipime. Fikiria ulimwengu ambamo kila mtu huishi nyakati mbili tu: ujana, anapolima na kuvuna, na uzee, asipoweza kulima tena. Chakula hakiwekeki, huoza. Mzee ana kipande cha karatasi tu mkononi, hati isiyolika wala kuvalika. Kijana humpa mzee chakula na kupokea hati hiyo, si kwa huruma, bali kwa kutumaini kwamba naye akizeeka, kijana ambaye leo hajazaliwa ataipokea kwake. Hivyo vizazi hupishana na kupokezana bila mwisho. Na juu ya hayo kuna mashaka: hakuna ajuaye kama mavuno ya kesho yatakuwa mema au mabaya. Swali langu ni hili: je, zipo bei ambazo, mavuno yawe yawavyo, mipango ya vijana na ya wazee itakutana bila yeyote kubaki na kisichochukuliwa? Huo ndio msawazo. Nami nimethibitisha kwamba upo, na kwamba ndani yake hati ina thamani.

Profesa wangu amefurahi mno. Alisoma sura yote kwa siku mbili, akaniita ofisini, akafunga mlango, akasema, “Binti yangu, hii ni kazi ya mtu mzima.” Siku hizi ananiita binti yangu hata mbele za watu. Ametoa pia koti lake la zamani, zito kama godoro, akaniambia nilivae mpaka baridi ipungue. Profesa anaona nitetee tasnifu tarehe 12 Juni, mbele ya jopo na wageni. Nikifaulu siku hiyo, kuna nafasi ya uhadhiri hapa hapa chuoni ambayo wamekubali kunisubiria mpaka mwezi huo, si zaidi.

Nimekuambatanishia sura yenyewe. Nimeacha pambizo pana. Tafadhali isome kama ulivyokuwa ukisoma madaftari yangu: kila mstari ulioukubali, nukta moja ya wino mwekundu. Bila nukta zako sitalala vizuri.

Mwanao,
Kwanini

26 Februari

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Waraka wako umefika na bahasha yake nzima. Sisi huku hatujambo. Kifua kimepoa. Baba yako goti linamsumbua, kwa kuwa hakubali kwamba mtu wa umri wake hapaswi kubeba jokofu mgongoni ngazi tatu ilhali kuna vijana wawili aliowaajiri kwa kazi hiyo. Nilipomwambia, alinijibu, “Vijana wanabeba vizuri, dada, ila hawabebi kama mimi.” Nikamwachia goti lake.

Nafurahi umepata koti. Hapa pia tulikuwa na makoti, lakini sikujua kama yangefika.

Chumba chako nimekipangisha. Nilikuambia kwamba huenda nikafanya hivyo. Ni binti wa mwaka wa kwanza, anasoma takwimu, mtu wa heshima na usikivu. Ameomba nimsaidie jioni, nami nimekubali. Tunakaa kwenye meza yako ile ya dirishani, kwani taa yake ndiyo iliyo nzuri. Ana akili ya haraka. Hanikatizi. Nimeshampa nukta nyingi nyekundu, naye huzihesabu kama mtoto anayehesabu pipi.

Kuhusu sura yako: nimeanza. Mwandiko unasomeka, licha ya dobi. Sehemu ya kwanza imejengwa kwa utulivu, na maelezo yako ya msawazo ni safi; naona ndani yake masomo ya mezani kwetu, ingawa ukurasa wa shukrani sikuuona kwenye bahasha. Pengine utakuja. Watu wa siku mbili wana haraka yao. Mimi ni mtu wa pole pole.

Ninayo furaha kwamba una mtu wa kukuita binti yake.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni na goti la Baba. Nimempigia simu, akaniambia linamuuma “kidogo tu, la kushoto, tena siku za kazi tu,” kisha nikasikia sauti ya mtu anayekaa kitini kwa uchungu.

Ukurasa wa shukrani huandikwa mwisho, Shangazi. Wewe ndiwe uliyenifundisha hivyo.

Sina neno kuhusu chumba. Nyumba ni yako. Ila nilidhani meza ingehamishiwa ukumbini, kwa kuwa droo ya chini ina vitu vyangu, na ile droo haifunguki vizuri ila kwa anayeijua. Mwambie asiivute kwa nguvu. Nimefurahi kusikia kwamba hakukatizi. Mimi, nakumbuka, nilikuwa nikikukatiza kila baada ya sentensi mbili, na wewe ukanipa jina hili kwa sababu hiyo, na sikujua kwamba lilikuwa lalamiko.

Profesa ameialika idara nzima kunisikiliza mwezi ujao, kama mazoezi. Anasema sura ya tatu ndiyo bora aliyoisimamia kwa miaka mingi. Namweleza kwamba kuna msomaji mmoja bado sijapata neno lake, naye hutabasamu na kusema, “Mwache shangazi yako apumzike.” Sikupenda alivyosema.

Umefika wapi? Nakuuliza kwa adabu, lakini nauliza.

Kwanini

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Baba yako amepasuliwa goti, na kwa majuma mawili nimekuwa muuguzi, mpishi na mpokezi wa simu za watu wenye majokofu. Daktari amemkataza ngazi. Anawaelekeza vijana wake akiwa kitandani, kwa simu, “Weka sikio kwenye mtambo, mwanangu, unasikia nini?” na vijana wanamjibu kwamba wanasikia sauti yake yeye.

Droo iko salama. Haijaguswa.

Sura yako nairudisha ndani ya bahasha hii. Nimeisoma yote. Ni kazi kubwa, na mtu aliyekusimamia amekwisha kuiridhia; sioni neno la mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu lingeongeza nini hapo. Nakutakia siku njema tarehe 12 Juni. Mpangaji naye anakusalimu. Amefaulu mtihani wake wa kwanza kwa alama za juu kabisa.

Vaa vizuri. Baridi ya huko tunaisikia redioni.

Shangazi yako

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba Baba anaendelea vizuri. Hongera kwa mpangaji.

Nimepokea sura. Nimeipitia ukurasa baada ya ukurasa nikizifuata nukta zako, na kwa muda nilihisi nimekaa mezani pale na wewe umesimama nyuma yangu. Nukta zinakwenda bila kuruka mstari mpaka ukurasa wa kumi na nne. Katikati ya ukurasa huo, kwenye mstari unaoanza na maneno “Na kwa kuwa thamani hiyo haipotei,” nukta zinakoma. Baada ya hapo kurasa tisa ni nyeupe. Hakuna nukta, hakuna alama ya kuuliza, hakuna hata doa la chai.

Ulisema umeisoma yote. Sijawahi kukuona ukisoma bila kalamu. Basi nijibu moja kati ya haya: ulichoka, au mpangaji alikuita, au kuna kitu kwenye mstari ule? Profesa anasema ukurasa wa kumi na nne hauna tatizo. Nimeutazama tangu juzi mpaka herufi zimeanza kuogelea, nami silioni tatizo. Lakini nakujua. Wewe huachi mstari kwa uchovu.

Kama ni hasira kwa sababu ya ukurasa wa shukrani, ama kwa sababu ya koti, sema. Nilikupa wewe sura hii kabla ya jopo, kabla ya idara, kabla ya mtu yeyote ambaye halazimiki kuisoma. Sikuwapa wengine kwa sababu sikutaka nukta za wengine.

Kwanini

20 Mei

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Baba yako ameanza kutembea na fimbo, na tayari ameitumia kunielekezea namna ya kufagia. Hizo ndizo habari za nyumbani, na sina nyingine.

Kuna kitu kwenye mstari ule.

Nitakieleza polepole, ili kisikuumize zaidi ya kinavyostahili. Mnyororo wa vizazi hauna mwisho, nawe, kama wengi, uliona vigumu kuthibitisha jambo juu ya kitu kisicho na mwisho. Kwa hiyo uliukata kwenye kizazi fulani. Hapo ukakutana na mzee wa mwisho. Ana hati mkononi, na nyuma yake hakuna kijana wa kuipokea. Akijua hivyo tangu ujanani, hataikubali. Na aliyemtangulia, akijua hivyo, naye hataikubali. Mpaka kukataa kunarudi nyuma kizazi kwa kizazi hadi kwa mzee wa leo, ambaye anakufa njaa na karatasi yake. Wewe uliliona hilo, na ni sifa yako. Ukajenga ghala mwishoni mwa mnyororo, ghala dogo la kumlipa mzee wa mwisho. Kisha ukasogeza mkato mbali zaidi na zaidi, na kila uliposogeza ukalipunguza ghala, ili mwishowe lisiwepo kabisa. Kufikia hapo ni sawa, na nukta zangu zipo.

Lakini ukaandika, “Na kwa kuwa thamani hiyo haipotei.” Nani amekuambia haipotei? Hukuonyesha kipi kinawahi: mkato kwenda mbali, au ghala kwisha. Ghala likiisha upesi, thamani iliyokuwa ikishikiliwa nalo inakwenda nalo, na unabaki na msawazo, ndiyo, lakini ni msawazo ambao hati haina thamani na kila mzee analala njaa. Msawazo huo upo siku zote, hauhitaji tasnifu. Ule ulioutaka wewe, bado hujauthibitisha. Kurasa tisa zinazofuata zimejengwa juu ya mstari huo.

Sasa sehemu ngumu. Mstari ule niliuona juma la kwanza la Machi.

Baba yako ndiye aliyenishika. Nilikuwa nimekaa mezani na sura yako, kalamu mkononi, siandiki. Akaniuliza kutoka kitini kwake, “Dada, mtoto amekosea?” Nikasema, “Pana mahali.” Akasema, “Basi mwambie.” Nikaifunika kalamu. Akanitazama, akasema, “Jokofu la nyumba hii nimelitengeneza mimi mwenyewe, lakini ubaridi uliomo humu ndani si wa gesi.” Nikamwambia aangalie goti lake. Na mwezi wa Aprili, nilipokuwa nikiifunga bahasha, akaniuliza, “Umemwambia?” Nikamwambia nimempelekea. Yeye ni fundi, anajua tofauti ya kuwasha na kutengeneza.

Nilitaka Profesa wako asimame mbele ya watu na mtu mmoja wa jopo aunyooshee kidole ukurasa wa kumi na nne. Nilitaka aulizwe ni vipi alisoma kwa siku mbili asione. Niliiona aibu hiyo usoni kwake, mtu ambaye sijawahi kumwona, na nikaionja kama sukari. Nilichokisahau ni kwamba anayesimama ubaoni siku hiyo si yeye, ni wewe. Hapana, sitasema nilisahau. Nilijua, na kwa majuma kumi nikaendelea kuionja.

Ningeweza kukupigia simu leo. Ungepata kosa mapema zaidi kwa siku chache. Lakini kwa simu ningekuambia kosa na kukuficha sababu, nami ningebaki nimekutendea wema. Nimelipia barua ya haraka.

Dawa ya mstari ule siijui. Nimejaribu kila jioni, na mpangaji amebaki akisoma peke yake.

Shangazi yako

14 Julai

Mwanangu,

Tarehe 12 Juni imepita na sijapata neno. Baba yako anasema amezungumza nawe mara mbili, na kwamba uko mzima, na kwamba umemwomba asiniambie zaidi ya hapo. Nimeheshimu hilo; sikumwuliza, ingawa nilimpikia alichokipenda siku tatu mfululizo, naye akala na kunyamaza.

Mpangaji amehama. Amepata chumba karibu na chuo chake, kwa mwalimu mwingine wa takwimu ambaye, aliniambia kwa adabu zote, anafundisha kwa kompyuta. Nilimsaidia kufunga mizigo. Nimeona ajabu jinsi jambo hilo lilivyoniuma, mimi ambaye nilimweka pale kwa sehemu kubwa ili wewe uumie.

Siombi msamaha kwa barua ya pili. Ile ya kwanza inatosha au haitoshi. Nauliza tu kama unakula.

Shangazi yako

2 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nakula. Mashine za dobi bado zinazunguka, na mwenye dobi amepaka kuta rangi ya kijani kibichi ambayo Baba angeikubali kwa jokofu lakini si kwa nyumba. Kuhusu mpangaji, nisingependa kusema kwamba nilicheka. Nilicheka.

Nikueleze yaliyotokea kwa mpangilio wake.

Barua yako ilinifikia zikiwa zimebaki wiki mbili na siku chache. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Nilipofika penye majuma kumi, niliikunja na kuiweka, na sikuifungua tena kwa siku nne. Siku ya tano nikaenda ofisini kwa Profesa na ukurasa wa kumi na nne. Sikumweleza chochote. Niliweka kidole kwenye mstari, nikamwuliza, “Kipi kinawahi?” Alisoma. Akavua miwani. Akasema, “Jopo hawataliona. Mimi sikuliona.” Nikamwambia kwamba limeshaonekana. Akaniambia niende Juni hivyo hivyo, nifaulu, nichukue nafasi, kisha tusahihishe tukiwa ndani. Alisema kwa upole, alinitakia mema. Nilimwomba aahirishe. Hatukusalimiana kwa mwezi mzima.

Nafasi ya uhadhiri amepewa mtu mwingine, kijana wa mwaka mmoja nyuma yangu. Ana tasnifu nyembamba isiyo na kosa. Kila nikipita mlango wake nasoma jina lake ubaoni, na siku hizi naelewa vizuri zaidi ladha uliyoiandika. Nisikufiche: ungeniambia Machi, ningewahi. Nimelifikiria hilo kwa njia nyingi, na kila njia inaishia hapo.

Dawa niliipata Agosti. Sikuukata mnyororo tena. Kila anayeukata lazima amjengee mtu wa mwisho ghala, na ghala ndilo linaloleta taabu. Badala yake nilitafuta kanuni ya bei inayotazama hali ya leo tu: mavuno yakiwa mema, bei hii, yakiwa mabaya, bei ile, kizazi chochote kiwacho, kanuni ni ileile. Hapo hakuna mtu wa mwisho wa kuulizwa. Ikabaki kuthibitisha kwamba ipo kanuni ambayo, watu wote wakiiamini, inajitimiza yenyewe. Na hiyo ipo, ilimradi vijana wawe na haja ya kujiwekea akiba hata katika mwaka mbaya. Matokeo ni madogo kuliko yale niliyojivunia. Nimelazimika kuandika waziwazi kwamba ule msawazo wa njaa nao upo pale pale kando yake, na kwamba hakuna hesabu inayowalazimisha watu kuuacha. Kinachovishika vizazi katika ule mwema ni kwamba kila mmoja anaamini atakayefuata atapokea, na hana namna ya kumuuliza.

Nilitetea tarehe 21 Septemba. Wageni walikuwa wachache kuliko walioalikwa Juni. Mjumbe mmoja wa jopo aliuliza kwa nini sikutumia njia ya kukata mnyororo, ambayo ingekuwa fupi. Nikamweleza habari ya ghala. Profesa alikuwa mstari wa mbele, akaangalia mikono yake. Nimefaulu. Kazi bado natafuta.

Jana aliniita. Tulikunywa chai, ya kwanza tangu Mei. Akaniuliza ni nani aliyeona ukurasa wa kumi na nne, nikamwambia ni shangazi yangu. Akasema, “Yule yule wa kupumzika?” na akaona haya, na nikamwacha nayo. Kisha akasema ana mswada wa kitabu, kurasa mia nne, na kwamba angependa sana msomaji wa namna hiyo, mtu wa mstari kwa mstari. Akatoa kalamu, akaniomba anwani yako.

Nimemwambia hupokei barua za watu.

Kwanini